Kidole cha Bwana Glavu

Ukisikia watu wakisema Ngina alirudishwa na mume kwa sababu ya uvivu, jua umedanganywa mchana kweupe. Ngina hakuwa mvivu hata kidogo. Alirudishwa kwa sababu ya mdomo. Yule mwanamume wa Githunguri aliyemwoa alimleta mwenyewe mpaka kwao Gatanga, akaketi mbele ya wazee, akasema yeye alitafuta mke akaletewa soko. Hakuwa na shtaka lingine. Alitaka tu kula chakula chake kwa utulivu kama wanaume wenzake. Wazee wakamgeukia Ngina, wakamwambia haya, nawe tueleze upande wako. Ngina akaeleza. Alieleza mpaka jua likazama, mbuzi wakarudi wenyewe zizini, na mwishowe wazee wakasema huyu kijana ana haki.

Tangu siku hiyo wakamwita Kanua, yaani mdomo kwa Kikuyu, na jina likamshika. Wenyewe husema mdomo hujila wenyewe, na kwa Ngina msemo huo ulitumika kama chumvi, kila mlo.

Lakini mdomo ule haukuota tu kama uyoga. Ngina na kaka yake wa pekee, Githinji, walilelewa na nyanya yao, cucu Warigia, maana mama yao alifariki wakiwa wadogo. Kwa cucu jioni kulikuwa na moto, viazi vitamu majivuni, na hadithi za zimwi. Zimwi lenyewe lina mdomo wa pili kisogoni, nywele zimeufunika, na humeza watu, ng'ombe, mbuzi, hata mwizi wa mbuzi. Kila zimwi la cucu Warigia lilikufa kwa namna moja. Likishapigwa mkuki, likiwa linakata roho, lilisema lenyewe: nikateni kidole changu kidogo. Kidole kikikatwa, basi wote waliomezwa hutoka, mmoja mmoja, wazima kabisa na mifugo yao. Na wa mwisho hutoka akinung'unika kwamba wamemsahau. Huyo wa mwisho siku zote alikuwa Githinji. Alijificha chini ya kitanda cha cucu akingoja zamu yake, kisha akatambaa nje amejaa vumbi, akilalamika kwamba wameshatoka wote, yeye wamemsahau, na chakula kiko wapi. Cucu alicheka mpaka akafuta machozi. Mtoto hakuruhusiwa kulala kabla kidole hakijakatwa, hata kama macho yanajifunga yenyewe.

Ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ikipigana na wapiganaji wa msituni. Githinji alikamatwa Thika akiwa kazini, akatiwa kwenye lori pamoja na wengine, na lori likaenda. Cucu alikufa mwaka uliofuata. Nyumba ya Gatanga ilichomwa, watu wakahamishiwa katika vijiji vya pamoja, na pale palipokuwa na moto na viazi sasa palimea magugu. Ngina akateremka Ruiru, akapata kazi kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja mwenye upara, ambaye wafanyakazi walimwita Kihara, upara wenyewe, na shamba nalo likaitwa kwa Kihara. Alikuwa mmoja wa wanawake wa mezani, wale wanaochambua kahawa kavu: nyeusi kando, iliyovunjika kando, iliyotobolewa na dudu kando.

Mtu mmoja aliyefunguliwa kutoka kambi walikozuiliwa watu kama Githinji alipita Ruiru, Ngina akamsihi apeleke neno akirudi huko kumpelekea ndugu yake mwenyewe vitu. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na kwa Ngina hilo ni ajabu: Githinji akitoka, anitafute kwa Kihara. Hakujua kama lilifika. Lakini tangu hapo meza ile ya kahawa haikuwa kazi tu. Hapo ndipo palipokuwa mahali pekee duniani ambapo kaka yake angejua kumtafuta. Na Mkikuyu asiye na kazi hakuwa na kibali cha kukaa Ruiru. Kazi ikienda, kibali kinaifuata, nawe unarudishwa ulikotoka, ukute magugu.

Sasa tatizo lilikuwa nyapara. Gerishon aliisimamia meza ile akiwa na filimbi shingoni na Biblia mfukoni. Alikuwa mzee wa kanisa, na miaka ya nyuma alikuwa homugadi, askari wa kijiji upande wa serikali, kwa hiyo watu walimsalimu kwa heshima na kumzungumzia kwa sauti ya chini. Alikuwa amemwonya Ngina mara nyingi. Mikono ya wanawake ikisimama kwa sababu ya hadithi zako, alimwambia, ni wewe utakayeondoka, si hadithi. Ngina aliitikia ndiyo mzee, akakaa kimya muda wa kuchambua debe moja, kisha akakumbuka jambo.

Mwaka wa hamsini na nane, mambo ya Hatari yakiwa yamepoa kidogo, Kihara aliomba gari la sinema lije shambani Jumamosi. Kabla ya hapo lilikuwa likileta sinema za kunawa mikono na kuua inzi, na watu walitazama kwa adabu. Safari hii lilileta sinema ya kutisha, ya zamani, iliyotolewa kwenye kitabu mashuhuri huko Ulaya. Watu walitoka mpaka Gatong'ora na upande wa Githurai. Ukuta wa stoo ulipakwa chokaa, giza likaingia, na karani Zacharia akapewa maikrofoni atafsiri.

Zacharia alikuwa kijana msomi, mwungwana, tai shingoni hata siku ya matope. Kitabu chenyewe alikuwa amekisoma shuleni akakipenda sana. Lakini alitafsiri kama anayesoma majina ya watu wa mshahara. Mwanamume huyu ni tajiri. Tajiri anasema karibuni. Mama anasema asante. Mama anaingia.

Tajiri mwenyewe alikuwa mrefu, mweupe kama mshumaa, anaishi katika jumba juu ya mlima wenye theluji, na mikononi amevaa glavu nyeupe ambazo hazivui hata akila. Watu wakamwita Bwana Glavu hapo hapo. Walipanda kwake mmoja mmoja: mpeleka barua na mfuko wake, dada wawili, daktari, kisha bibi arusi na shela lake. Kila aliyepanda aliteremshwa kwenye ngazi za chini ya jumba, mlango ukafungwa, na Bwana Glavu akapangusa midomo kwa leso. Damu haikuonyeshwa. Ilikuwa ni ile leso tu, na ilitosha. Makau, dereva wa lori la shamba, alirudi kwenye lori lake akajifungia na kuitazamia huko. Mwishowe kaka wa bibi arusi alipigana na Bwana Glavu juu ya daraja, Bwana Glavu akatumbukia mtoni, na glavu moja ikaelea juu ya maji. Yule kijana akaondoka peke yake kwenye theluji. Maandishi yakaja, na taa ikawashwa.

Hakuna aliyenyanyuka. Watu waliketi wakiutazama ukuta, wakingoja. Zacharia akasema imekwisha. Mama mmoja akamuuliza kwa upole imekwishaje na watu bado wako ndani. Zacharia akasema hao wamekufa. Wote? Wote. Hapo uwanja ukawaka. Glavu imetoka, mkono uko wazi, kidole kidogo kiko pale kinangoja, halafu mnazima? Mzee mmoja alisema hajawahi kuona ufisadi kama huu. Wengine wakasema karani amepatana na watu wa gari kuukata mwisho ili wawahi kwenda kulala. Vijana wakalizunguka gari, wengine wakakaa mbele ya magurudumu, na ikabidi Gerishon apulize filimbi mpaka mashavu yakamvimba. Zacharia alikwenda nyumbani bila kuaga mtu.

Ikawa wiki nzima shamba halina jambo lingine. Zacharia, akiulizwa, alisema kwa uchungu kwamba sinema yenyewe ilikiharibu kitabu. Kitabuni Bwana Glavu hafi. Anapanda treni, treni inapiga king'ora, basi, na msomaji anabaki akijua kwamba treni hiyo inakuja upande wake. Hizo glavu ni kwa sababu aliungua mikono utotoni, na katika sinema hata hilo hawakulisema. Watu walimsikiliza wakamwonea huruma, maana kama mwisho wa kitabu ni huo, heri huu wa sinema.

Odhiambo, fundi wa mashine ya kumenya kahawa, Mjaluo mtaratibu asiyependa makelele, yeye alikuwa na neno moja tu na hakulibadilisha. Mtu amekufa majini, hamkumtoa, hamkumzika, mnaondoka na kumwacha hapo, halafu mnashangaa kitu gani? Huyo atarudi. Hata angekuwa mtu mwema, angerudi. Perez mkewe, aliyekaa karibu na Ngina mezani, aliona kosa liko mbali zaidi, kwa wazazi wa bibi arusi. Binti anapelekwa kwa mtu asiyevua glavu, na hakuna hata shangazi mmoja wa kuuliza ukoo wake ni upi, mama yake ni nani, na wake wa kwanza walikwenda wapi. Makau alisema ninyi nyote ni washamba, yule ni mtu amepakwa poda, na kule Thika ameshaelezwa namna wanavyofanya. Wenzake wakamuuliza mbona basi siku hizi analala na panga chini ya mto. Gerishon alisema ni kazi ya shetani na Mkristo hapaswi kutazama. Alikuwa ametazama toka mwanzo mpaka mwisho, juu ya sanduku, mstari wa mbele.

Na Ngina? Ngina aliona uchungu wa kweli. Tangu Jumamosi hakulala vizuri. Kila akifumba macho aliuona ule mlango wa chini ya jumba, na alijua nani yuko nyuma yake. Siku ya Alhamisi alishindwa kuvumilia, akasimama pale mezani, kahawa mkononi, akawaeleza wenzake hadithi ilivyopaswa kwisha. Perez akapinga, mwingine akamtetea, mikono yote ikasimama, na kahawa mbaya ikapita pamoja na nzuri mpaka ndani ya magunia. Kihara mwenyewe ndiye aliyeiona.

Gerishon alikuja amekunja uso. Hakupuliza filimbi. Alimwita Ngina kando, karibu na mizani, akamwambia, "Nilikuonya. Jumamosi utachukua chako uende."

Ngina alimwomba. Alimwambia atashona mdomo kwa uzi wa gunia akitaka. Akamwambia yuko mtu atakayekuja kumtafuta hapa, na asipomkuta hatakuwa na pengine pa kuuliza. Gerishon akasema kila mtu ana mtu wake, na kazi ni kazi. Ngina akarudi mezani, akachambua mpaka jioni machozi yakimdondokea kwenye kahawa ya watu.

Kihara naye alikuwa amesikia kwamba watu wake wanamtuhumu karani kuiba mwisho wa sinema, akacheka sana. Gari la sinema lilikuwa limezunguka kwenye mashamba ya mkonge ya Thika na Jumamosi lingepita kurudi Nairobi. Akaagiza lisimame, lionyeshe ile ile tena, watu wajionee. Zacharia alipopata habari hakufurahi. Ilikuwa yeye atakayeshika maikrofoni tena, mbele ya uwanja ule ule.

Ijumaa jioni alimkuta Ngina akifunga vyombo vyake. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukopa unga, akaanza mbali, mpaka Ngina mwenyewe akamwambia karani, sema lililokuleta. Zacharia akasema, "Wewe ndiye utakayesema kesho. Mimi nitakaa kando nikunong'onezee Kiingereza."

Ngina alimuuliza kama anajua kwamba kesho ndiyo siku yake ya mwisho, na kwamba kilichomfukuzisha ni huo huo mdomo. Zacharia alijua. Akasema basi mdomo huo hauna cha kupoteza tena. Ngina akafikiri, na kwa mara ya kwanza wiki ile akaona kama anataka kucheka.

"Na mwisho?"

"Mwisho ni wako," Zacharia akasema. "Wale wa sinema waliugeuza wa kitabu, na hawakuniuliza."

Jumamosi uwanja ulijaa kuliko mara ya kwanza. Watu walikuja na viti, na wengine walikuja na ugomvi uliokwisha kupikwa, tayari kupakuliwa. Walipomwona Ngina Kanua akisimama kando ya ukuta na maikrofoni, wanaume wakaguna. Gerishon, juu ya sanduku lake, akashika filimbi. Kihara alikuwa ameegesha gari lake nyuma akiwa na wageni wake, na kwa kuwa mzungu hakusema neno, nyapara naye hakusema. Liwalo na liwe, Ngina akajiambia, na akaanza jinsi cucu alivyokuwa akianza, kwa kuwauliza kama wako macho. Wakaitikia shingo upande. Akawauliza tena, na sauti ikarudi kutoka mpaka kwenye meza za kuanikia.

Wee, mwanamke yule alisema! Kiswahili kilipomwishia alichukua Kikuyu, Kikuyu kilipochoka akatia neno la Kijaluo alilookota kwa Perez, na kina Odhiambo wakapiga makofi. Zacharia alinong'ona, tajiri anasema karibuni, na kwa spika tajiri akawa anakaribisha kwa sauti tamu iliyowafanya watu wavute watoto wao karibu. Mama ya bibi arusi, ambaye katika sinema alikuwa akilia tu dirishani, kwa mdomo wa Ngina alisimama akauliza: ukoo wako ni upi, wewe mtu, na hizo glavu unamficha nani? Perez akaruka juu kwa furaha. Ngina akamwambia Makau ashuke kwenye lori, yule ni mtu amepakwa poda tu, na Makau akashuka uwanja mzima ukimcheka, naye akacheka. Kila alipopita na sehemu ambayo watu walikuwa wameigombania wiki nzima, alimpa kila mtu haki yake kidogo. Hata treni ya Zacharia aliitaja: alisema Bwana Glavu alikuwa amekata tiketi akimbie, ila watu wa daraja wakamwahi.

Wakapigana. Bwana Glavu akatumbukia. Glavu ikaelea, kijana akaondoka, maandishi yakaja, na mkono wa dereva wa gari la sinema ukaenda kwenye swichi.

"Usizime," Ngina akasema.

Dereva akamtazama Zacharia, Zacharia akakubali kwa kichwa, na mashine ikaachwa iendelee. Picha zikaisha. Ukutani kukabaki mwanga mweupe mtupu, na sauti ya Ngina.

Akasema yule kijana alifika mbali kwenye theluji, akasimama. Akajiambia, naenda nyumbani kumwambia mama nini? Akarudi. Akaingia mtoni, maji yakamfika kifuani, akamvuta yule mtu mpaka ukingoni, maana mtu hatupwi majini kama paka, hapo Ngina akamtazama Odhiambo, lazima azikwe. Lakini kabla ya kuzikwa akautazama ule mkono usio na glavu. Kidole kidogo kilikuwa kimevimba kama mfuko uliojaa. Akachomoa kisu. Uwanja ulinyamaza hivi kwamba ulisikia mto wa Ruiru kule chini. Akakata.

Na ule mlango wa chini ya jumba ukafunguka. Akatoka mpeleka barua, mfuko begani, barua zote zimekauka. Watu wakapiga makofi. Wakatoka wale dada wawili wameshikana mikono. Akatoka daktari, akamuuliza kijana kama ana homa. Akatoka bibi arusi, shela limechafuka, akasema anataka kwenda kwa mama yake. Kila mmoja alipokewa kwa vigelegele, na wazee waliokuwa wameona ufisadi wiki iliyopita sasa wakapigana mapaja kwa furaha. Sasa alibaki wa mwisho. Ngina alikuwa amekusudia atoke mpishi wa jumba, mnene, akinung'unika kama desturi. Alifungua mdomo amtaje mpishi, na jina lililotoka si hilo.

"Githinji," akasema. "Toka."

Hakuna aliyecheka. Wengi walimjua Githinji ni nani. Mama mmoja wa Gatong'ora akasema kutoka gizani, Kamande. Ngina akalipokea jina, akalitoa kwa spika, Kamande, toka. Mwingine akasema Muiruri. Toka, Muiruri. Mumbi, mwalimu wa watoto, aliyechukuliwa na chaki mkononi. Toka, Mumbi. Majina yakaja kutoka kila upande, mengine kwa sauti, mengine kwa kulia, na kila jina Ngina aliliita na kulitoa nje ya ule mlango, na uwanja ukaitikia, katoka. Zacharia alikuwa ameacha kunong'ona. Alitaja jina la mjomba wake kama watu wengine.

Ndipo Gerishon akasimama juu ya sanduku. Makelele yakakatika. Mama waliokuwa wametaja majina wakajuta kwamba wamejulikana, maana homugadi ni homugadi, na filimbi ilikuwa pale kifuani. Ngina alimtazama akajua kwamba sasa hata kufukuzwa tu kungekuwa bahati. Gerishon alivua kofia.

"Gichuru," akasema. "Mtoto wa mama yangu. Alikwenda msituni."

Alilitamka mbele ya watu wote, yeye ambaye kwa miaka yote ile hakuna aliyemsikia akisema ana ndugu. Ngina aliishika maikrofoni kwa mikono miwili. Akamwita kama alivyowaita wengine, bila kumpunguzia na bila kumwongezea: Gichuru, mtoto wa mama ya Gerishon, toka. Na uwanja ule, wenye watu ambao Gerishon aliwahi kubisha milango yao, uliitikia kwa kishindo, katoka. Kule nyuma Kihara akapiga honi ya gari lake kwa kufurahi. Aliwaambia wageni wake kwamba hajaona sinema iliyopendwa namna ile.

Jumatatu Ngina alifika na furushi lake, aage wenzake, kibali kikiwa mkononi. Gerishon alikuwa mlangoni. Alilitazama furushi, akamtazama yeye, akamwambia, "Umechelewa. Keti mahali pako."

Kuanzia wiki hiyo kukawa na sheria mpya mezani, ambayo haikuandikwa popote: Ngina aseme apendavyo, mradi mikono isisimame. Na mikono haikusimama tena, kwa sababu wanawake waligundua kwamba akinyamaza ndipo wanapochoka. Kihara alipouliza ni nani yule mwenye sauti, Gerishon mwenyewe ndiye aliyemtaja. Gari la sinema likawa halipiti bila yeye. Likaenda naye Githurai, likaenda naye Gatong'ora, likaenda naye mpaka mashamba ya mkonge ya Thika, Zacharia kando yake akinong'ona, tai shingoni, na mpaka alipozeeka karani huyo alikuwa bado akilalamika juu ya ile treni. Kuna watu wa Thika wanaokubishia hata leo kwamba Bwana Glavu hakukatwa kidole, kwamba wao waliiona sinema hiyo mahali pengine na iliisha kwenye theluji. Watu wa Ruiru huwahurumia, huwaambia walionyeshwa nusu.

Sitawaficha neno: Gichuru hakurudi. Gerishon alimngojea mpaka uzeeni, lakini alimngojea akilitaja jina lake, na watu walimngojea pamoja naye.

Na mwaka mmoja baada ya sinema ile, mchana mmoja kahawa ikiwa nyingi na vumbi lake limewajaa wanawake kichwani, mtu alisimama kwenye mlango wa stoo. Alikuwa amekonda, ndevu hovyo, blanketi moja begani. Alisema aliambiwa atafute kwa Kihara. Mikono yote ya mezani ikasimama. Perez akamshika Ngina kiwiko. Yule mtu akamtazama Ngina, akaangalia huku na huku kama anayetoka chini ya kitanda, akakunja uso.

"Mmewatoa wote, mimi mkanisahau," Githinji akasema. "Chakula kiko wapi?"

Ngina akaanza kusema palepale, akilia na kucheka na kumpangusa vumbi, na aliendelea kusema mpaka jua likazama. Kahawa haikuchambuliwa, na nyapara hakupuliza filimbi.